Je, wajua kwa nini mwanakarate huvuta ngumi moja hadi kiunoni?

Mtazame mwanakarate akifanya mazoezi ya msingi. Mkono wa kulia unapiga mbele, wa kushoto unarudi kwa kasi hadi ubavuni, ngumi imegeuzwa juu, na unabaki hapo. Bondia akiona hivyo lazima ashangae: mbona huyu anaacha uso wazi? Ana haki ya kuuliza, maana ndondini mkono usiopiga kazi yake ni kulinda kidevu.

Jibu linalosikika sana klabuni ni kwamba kuvuta mkono mmoja kunazungusha kiuno na kuuongezea mwingine nguvu. Kuna ukweli ndani yake, ila halitoshi. Bondia anaangusha watu kila siku na mkono wake wa pili uko shavuni. Jibu linaloniridhisha mimi linatoka Okinawa, karate ilikozaliwa: mkono ule umemshika mtu.

Okinawa ndicho kisiwa kikubwa cha Ryukyu, ufalme uliounganishwa mwaka 1429 na kumezwa rasmi na Japani mwaka 1879. Ufalme huo uliishi kwa biashara ya baharini, hasa na China kupitia bandari ya Fuzhou. Mbinu za mapigano za kusini mwa China zilifika kwa njia hiyo zikachanganyika na za wenyeji katika miji ya Shuri, Naha na Tomari. Waliojifunza hawakuwa na mashindano ya kuyawazia. Walitaka kujua wafanye nini mlevi akiwakunja nguo au mtu akiwapiga kabali. Ugomvi wa aina hiyo ni wa kubanana, na mara nyingi mtu ameshashikwa kabla hajajua kumeharibika nini.

Chukua mfano wa mtu aliyekukunja shati kwa mkono wake wa kulia. Mkono wako wa kushoto unamdaka kifundo cha mkono, unakisokota, kisha unakivuta hadi kiunoni pako, kiwiko kikibana ubavu. Hapo bega lake linashuka, kichwa kinakuja mbele, na uzito wote unaangukia mguu mmoja. Hawezi tena kukupiga vizuri kwa mkono wa kushoto kwa sababu mwili wake umepindishwa. Na ngumi yako ya kulia haina haja ya kumtafuta; yeye mwenyewe analetwa kwenye ngumi. Ukimtazama kwa mbali wakati huo, utaona picha ileile ya mazoezi ya msingi, isipokuwa sasa kuna mtu wa pili ndani yake.

Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliueleza mkono huo hivyohivyo: unamkamata mpinzani na kumvuta ili apoteze mizani.

Ushahidi zaidi umo kwenye kata, yaani mienendo iliyopangwa ambayo mwanafunzi huikariri na kuirudia peke yake. Katika kata ya kale iitwayo Naihanchi, kuna mahali unapiga kiwiko ndani ya kiganja chako mwenyewe. Nani anayejipiga kiganja? Ukikifikiria kiganja hicho kimeshika kisogo cha mtu, kila kitu kinaeleweka. Choki Motobu, aliyesifika Okinawa kwa kupigana kweli na si kwa maonyesho, aliithamini Naihanchi kuliko kata nyingine zote, na alisisitiza mapigano ya karibu.

Sasa yule mtu wa pili alipotelea wapi? Alipotelea shuleni. Mwaka 1901 mwalimu Anko Itosu alianza kufundisha karate katika shule ya msingi ya Shuri. Japani ya wakati huo ilitaka vijana wakakamavu, wenye nidhamu, wanaofaa jeshini. Watoto walipangwa mistari, mwalimu akahesabu, wote wakapiga ngumi kwa pamoja. Huwezi kuwafundisha watoto darasa zima kuvunjana viwiko na kukabana shingo, kwa hiyo umbo la mwendo likabaki na maelezo yake yakapunguzwa. Simlaumu Itosu hata kidogo. Bila shule, huenda karate isingefika kwetu kabisa.

Baadaye karate iliingia vyuo vikuu vya Tokyo, kisha mashindano. Ulingoni wapinzani huanza wakiwa wameachana hatua kadhaa, na kushikana kumewekewa mipaka mikali. Mpaka michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ambapo Ryo Kiyuna wa Okinawa alitwaa dhahabu ya kata kwa wanaume, dunia ilikuwa imezoea kuitazama kata kama onyesho la mtu mmoja.

Kwa anayejifunza ili ajilinde na vibaka, tofauti hii ni kubwa. Fanya kata yako, halafu mwite mwenzako akushike kweli: shati, kifundo cha mkono, shingo. Anzeni polepole, kisha avute na kukataa, kwa sababu mtaani hakuna atakayekusubiri. Mkono ukidaka, uvute hadi kiunoni kwa nguvu zote. Usipodaka kitu, urudishe usoni upesi.