Reaksheni ya uso: meza inajuaje uzito wa unga?

Weka mfuko wa unga wa kilo 20 juu ya meza. Dunia inauvuta chini kwa nguvu ya kama nyutoni 200 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), sasa mbona hauzami? Kwa sababu meza nayo inausukuma juu kwa nyutoni 200 hizohizo, na huko kusukuma ndo kunaitwa reaksheni ya uso. Toa unga weka kikombe cha chai, meza inasukuma kidogo tu. Hapa ndo wengi tulikwama shule, yaani meza imejuaje?

Haijui kitu, inabonyea tu. Cheki lile benchi la ubao mrefu kwa mama ntilie, akikaa mmoja ubao unapinda kidogo, wakija wanne unapinda mpaka unalia, na kadiri unavyopinda ndo unavyozidi kutaka kurudi ulivyokuwa kwahiyo unawasukuma juu zaidi mpaka nguvu zilingane, hapo unatulia. Akija wa tano ubao ukashindwa, mnakutana chini na sahani zenu. Meza na hata sakafu ya zege ni hivyohivyo, ila zinabonyea kidogo mno jicho halioni, atomu zinasogezwa karibu, alafu elektroni zao zinakataana kwa vile zote zina chaji hasi.

Alafu reaksheni siyo lazima ielekee juu, inatoka kwa pembemraba (nyuzi 90) na uso. Inamisha meza nyuzi 30, ule unga kama haujateleza sasa unasukumwa kwa nyutoni 173 hivi, kinachouzuia usishuke ni msuguano.

Kosa moja linaniudhi sana, watu kusema uzito, yaani dunia kuuvuta unga, na reaksheni ndo ile jozi ya kanuni ya tatu ya Newton, ile inayosema ukisukuma kitu nacho kinakusukuma kwa nguvu hiyohiyo. Siyo! Jozi ya reaksheni ni unga kuikandamiza meza, na jozi ya uzito ni unga kuivuta dunia. Nguvu za jozi zinalingana siku zote, lakini uzito na reaksheni vinaweza kupishana. Panda na mizani ya bafuni kwenye lifti, wewe una kilo 60, lifti ikianza kupanda kwa mchapuko (kasi kuongezeka) wa mita 2 kwa sekunde mraba mizani inasoma kilo 72, maana yenyewe haipimi uzito, inapima inavyokusukuma. Ikianza kushuka kwa mchapuko huohuo inasoma 48, umekonda bila dayati.