Miaka 59 ya John Dingell bungeni: kiti hakikuwa urithi

Uchaguzi wa Bunge la Marekani ukikaribia, dawati letu la elimu kwa mpiga kura hupokea swali lilelile kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Michigan: John Dingell, mbunge wa Michigan wa chama cha Democratic, alikaaje bungeni miaka 59, na mbona kiti kilitoka kwa baba kikaja kwa mwana, kisha kikaenda kwa mke? Wengine hawaulizi. Wanatangaza tu kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "huko nako ni ufalme."

Si ufalme. Kiti cha useneta kikibaki wazi, majimbo mengi humruhusu gavana kuteua wa kukishikilia kwa muda. Cha Baraza la Wawakilishi, alikokuwa Dingell, hakiteuliwi mtu: Katiba inamtaka gavana aitishe uchaguzi mdogo, basi. Dingell mzee, mbunge tangu 1933, alifariki Septemba 1955. Desemba 13 mwanawe, wakili wa miaka 29, alishinda uchaguzi mdogo, na kila baada ya miaka miwili akarudi kuomba kura upya, mara 29. Mwaka 2002 mipaka ilichorwa upya akajikuta akichuana na mbunge mwenzake wa Democratic, Lynn Rivers, kwenye mchujo. Hata Debbie, mkewe, alipita mchujo wa Agosti 2014 na uchaguzi wa Novemba ndipo akaapishwa Januari 2015, mumewe akiwa hai, amestaafu.

Kuhusu ukomo wa vipindi: wapiga kura wa Michigan waliupitisha 1992. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa jimbo haliwezi kuongeza masharti ya ubunge wa taifa. Ndiyo maana ukomo huo haukumzuia Dingell.

Taasisi yetu haina chama, hivyo kumsifu Dingell si kazi yetu. Ila kumbukumbu zipo: aliongoza kikao, nyundo mkononi, Baraza lilipopitisha Medicare, bima ya afya ya wazee, 1965, na nyundo ile alimwazima Spika Nancy Pelosi 2010 kwa kura ya sheria ya bima ya afya. Barua zake za kuzihoji idara za serikali, alipoongoza Kamati ya Nishati na Biashara, ziliogopwa hata zikapewa jina lake. Mwaka 2008 wabunge wa chama chake walimpa Henry Waxman uenyekiti huo, kura 137 kwa 122.

Sasa linalotuletea kesi. Asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), hapigi kura kumchagua mbunge wa taifa. Akipiga, sheria ya taifa inataja faini, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na anaweza kuondolewa nchini. Kutia alama kwenye kisanduku cha "mimi ni raia" unapoomba leseni ya udereva nako kunaweza kuhesabiwa kudai uraia kwa uongo, hata kama hukupiga kura. Kila kesi hupimwa peke yake; muone wakili wa uhamiaji kabla ya kujibu barua yoyote.

Msaada wa mbunge hauhitaji uraia. Kama faili lako la uhamiaji limekwama, nenda ofisi ya mbunge wa eneo unaloishi, si wa eneo la binamu yako. Utajaza fomu ya kuruhusu ofisi iulize habari zako; humo utaandika namba ya risiti ya ombi lako, namba ya A (namba yako ya uhamiaji), na jina kama lilivyo kwenye risiti. Ofisi itaiuliza idara ya uhamiaji, haiwezi kuiamuru. Na fomu isipotiwa sahihi yako mwenyewe, faili halitaulizwa.