Nafsineni Ni Nani? Uzalendo na Kifo katika Ushairi wa Vita

Kila mwaka, msimu wa tamasha ukikaribia, walimu wa shule za upili za Kisumu na Siaya huniletea mashairi ya wanafunzi wao niyapitie. Tangu jeshi letu livuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, hayakosi ya wanajeshi. Vina vyake ni safi, mizani haipungui, na karibu kila moja lina ubeti unaofanana na wa mwenzake: askari aliyekufa anatwambia anafurahi kuifia Kenya. Hapo mimi huuliza swali la mtihani ambalo wamelizoea mpaka limekuwa butu: nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, ni nani? Maiti hasemi. Aliyetunga yuko darasani, yu hai, na maneno hayo ameyatia kinywani mwa mtu asiyeweza kuyakana.

Uzalendo wa watoto hawa ni wa kweli, nami nauheshimu. Ninachotaka wajue ni kwamba swali hilo ndilo ufunguo wa ushairi wa vita popote ulipotungwa.

Chukua Waingereza wawili wa Vita Kuu ya Kwanza. Rupert Brooke alitunga mwaka 1914 soneti ambamo askari anasema kwamba akifa, mahali atakapozikwa ugenini patakuwa Uingereza milele. Brooke alikuwa hajayaonja sana maisha ya mahandakini. Alifariki 23 Aprili 1915 akiwa ndani ya meli ya hospitali, damu imeingia sumu kutokana na kuumwa na mbu, akazikwa kisiwani Skyros, Ugiriki. Wilfred Owen aliyaonja. Mwaka 1917, akiuguza akili iliyotikiswa na vita, aliandika juu ya shambulio la gesi: askari mmoja anachelewa kuvaa kinyago, na mwenzake anamtazama akifa kama anayezama majini. Mwishoni anaugeukia msemo wa kale wa Horace, mshairi wa Roma, kwamba ni tamu na ni fahari kuifia nchi, anauita uongo. Nafsineni wa Brooke anakisia kifo chake mwenyewe. Wa Owen amekiona cha mwenzake, na usiku kinamrudia ndotoni. Owen aliuawa 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya bunduki kunyamaza. Telegramu ya kifo chake ilimfikia mama yake siku yenyewe ya kusimamishwa vita.

Kwetu njia ilikuwa tofauti kidogo. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, shujaa anapigania dini, na anayeuawa anaahidiwa Pepo. Nchi haijawa sababu ya kufa. Ukifika kwa Hemedi bin Abdallah al-Buhry, aliyesimulia vita vya Wajerumani kuuteka Mrima, pwani ya Tanganyika, unaanza kusikia uchungu wa mwenye nchi yake. Nao waliowapinga Wajerumani wanatajwa: Abushiri aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani. Utenzi huo unasomwa kidogo mno huku kwetu bara, na hilo linanisikitisha.

Sasa njoo Nyanza. Sheria ya mwaka 1915 iliipa serikali ya kikoloni nguvu ya kuwatwaa vijana kuwa wapagazi wa jeshi, na mwaka 1917 msako ukazidi. Nyanza ilitoa watu wengi sana. Kikosi chao, Carrier Corps kwa Kiingereza, watu walikiita Kariakoo, jina ambalo mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam imelibeba hadi leo. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa, mzigo ukiwa kichwani. Risasi iliua wachache kuliko maradhi. Kwenye mnara wa askari jijini Nairobi yameandikwa maneno, Kiswahili kikiwemo, yanayosema kuwa ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Maneno hayo hunasibishwa na Rudyard Kipling. Yasome kama shairi. Nani anamwambia nani? Nchi ipi? Mpagazi wa Gem au wa Kisii hakuulizwa. Na jina aliloahidiwa, mara nyingi halikuandikwa popote. Mnara unawataja kama miguu na mikono ya jeshi.

Linganisha na tero buru ya Waluo. Mzee akifa, wanaume hutoka na mikuki, ngao na ng'ombe, wanakifukuza kifo hadi mbali na boma kama wanaofukuza adui, huku marehemu akisifiwa kwa majina yake. Wabukusu nao wana omuswala kumuse, anayesimama mbele ya waombolezaji na kuhutubia ukoo. Huko nafsineni anajulikana, amesimama mbele yako, na aliyekufa ana jina, baba na kijiji. Mwalimu wa ushairi hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Kwa hiyo safari hii niliwaomba wanafunzi waandike upya, wakichagua nafsineni aliye hai: mama aliyeletewa habari, mwenzake aliyebeba machela, mjukuu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alichagua mjukuu wa mpagazi. Beti zake tano zilikuwa na kasoro za vina, sikuzigusa. Kibwagizo chake kilikuwa hiki:

Mlimchukua babu, jina mmeweka wapi?