Je, wajua? Kwa nini moyo uliochoka hupewa dawa ya kuupunguza kasi

Baba yangu mdogo aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya kuambiwa moyo wake umetanuka, nilisoma maelezo ya dawa moja aliyopewa, carvedilol. Yalisema ni beta-bloka, dawa inayopunguza mapigo ya moyo na nguvu za kusukuma damu. Nikaamini kuna aliyekosea. Mtu anapanda ngazi tano anasimama kuhema, halafu apewe kitu cha kuulegeza moyo uleule? Kidogo nimwambie aache.

Nilikosea, ila madaktari wenyewe walifundishwa hivyo kwa miongo kadhaa. Propranolol, moja ya beta-bloka za mwanzo, ilitokana na kazi ya James Black nchini Uingereza miaka ya 1960. Ililenga maumivu ya kifua, na kwa hilo ilifaa sana, lakini vitabu vilionya kuwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kazi asipewe kabisa. Mwaka 1975, Finn Waagstein na wenzake wa Gothenburg, Sweden, waliandika juu ya wagonjwa saba tu wa namna hiyo waliopewa beta-bloka wakapata nafuu. Wengi walitilia shaka, na haki walikuwa nayo: watu saba ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Jibu zito lilikuja mwaka 1999, katika utafiti wa CIBIS-II uliofanyika Ulaya. Wagonjwa 2,647 waligawanywa, wengine wakapewa bisoprolol, beta-bloka nyingine, wengine kidonge kisicho na dawa. Ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno: asilimia 17.3 walifariki bila dawa, asilimia 11.8 wakiwa nayo.

Ilikuwaje? Mfikirie punda wa mkokoteni kwenye mlima. Amechoka, mwendo umepungua, na mwenye mzigo anashika fimbo. Akichapwa, anakaza mwendo na mzigo unafika. Kwa siku moja fimbo imefanya kazi. Lakini fimbo si majani wala maji. Punda akichapwa asubuhi na jioni kwa miezi, hukonda na mwisho huanguka. Moyo ukidhoofika, mwili unahisi damu haifiki, basi unamwaga adrenalini, homoni inayouharakisha moyo, na ndugu yake noradrenalini bila kukoma. Hiyo ndiyo fimbo. Mwanzoni inaokoa, ikiendelea, inaua chembe za msuli na kuzidi kuutanua moyo. Beta-bloka haimpi punda nguvu. Inamshika mkono mwenye fimbo.

Na kuna jambo ninalolipenda zaidi: moyo hula unapolegea. Unapojikaza kusukuma damu, huibana pia mishipa inayoulisha, kwa hiyo chakula chake kingi hupita katika kile kitambo kifupi kati ya pigo na pigo. Mapigo yakienda mbio, kitambo hicho ndicho kinachokatwa. Mapigo 100 kwa dakika ni 144,000 kwa siku. Yakishuka hadi 65, yanabaki 93,600. Moyo umepunguziwa safari 50,400 kila siku.

Hata hivyo punda aliyezoea fimbo, ukiiondoa ghafla, anaweza kusimama katikati ya mlima. Ndiyo maana carvedilol huanza na miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, kisha dozi huongezwa kila baada ya wiki mbili hivi, na haianzishwi mgonjwa akiwa bado amejaa maji na hawezi kulala chali. Baba mdogo alilalamika wiki za kwanza kuwa dawa inamlegeza. Alisema kweli. Nafuu ilikuja baada ya miezi.

Hatari nyingine zinahitaji kusemwa waziwazi. Mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua, hasa kwa propranolol. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza asisikie moyo kwenda mbio wala mikono kutetemeka sukari inaposhuka. Jasho ndilo linalobaki kumwonya. Mapigo yanaweza kushuka kupita kiasi hadi kizunguzungu. Kubwa zaidi ni kuacha ghafla. Dawa ikiziba milango ya adrenalini, chembe za moyo huongeza milango mingine. Siku vidonge vinapoisha nyumbani, milango yote iko wazi kwa mpigo, na hapo maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo huweza kufuata.

Pia si kila beta-bloka imethibitika kwa moyo ulioshindwa. Bisoprolol, carvedilol na metoprolol ya kutoka polepole zimepimwa vizuri. Atenolol, ambayo imezoeleka kwa presha, haimo katika orodha hiyo. Na ushahidi ulio imara ni wa moyo uliolegea usiosukuma kwa nguvu, si ule uliokakamaa usiojaa damu vizuri. Isitoshe, utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na chanzo kikuu ni presha. Wale wa CIBIS-II huko Ulaya walikuwa wakubwa zaidi, na wengi wao mishipa ya moyo ilikuwa imeziba. Naamini fimbo ni ileile, ila zile asilimia siwezi kuzihamisha kama zilivyo.

Kwa waliopata shambulio la moyo lakini moyo bado unasukuma vizuri, mjadala umefunguliwa upya. Utafiti wa REDUCE-AMI, mwaka 2024, ulifuatilia watu 5,020, wengi wao wa Sweden, na haukuona faida ya kuwaanzishia dawa hizi. Mwaka huohuo utafiti wa ABYSS nchini Ufaransa ulichukua watu waliokuwa wakizitumia tayari na kuwaachisha baadhi yao. Walioacha walirudi hospitalini kwa matatizo ya moyo mara nyingi zaidi kuliko walioendelea.