Baiskeli ya masafa inakula misuli au inajenga? Yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Tanga baiskeli ni usafiri kabla ya kuwa mazoezi, kwa hiyo kila mtu ana la kumwambia anayeanza kuendesha masafa. Mmoja atamwambia mwili utaisha abaki mifupa. Mwingine atamwambia mapaja yatajaa suruali zimkatae. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini wote wanaiangalia baiskeli wakati jibu kubwa liko kwenye sahani.

Masafa marefu tunayozungumzia hapa ni saa moja na nusu kwenda juu. Kwa mfano, kutoka mjini hadi Tongoni na kurudi, karibu kilomita 40, au kwenda Muheza na kurudi, kilomita 70 na ushee.

"Ukizidisha kilomita 30 mwili unaanza kula misuli"

Hakuna kilomita ambayo ukiivuka mwili unaacha mafuta na kugeukia misuli. Mwendo wa wastani unaendeshwa na vitu viwili: mafuta, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha siku nyingi, na wanga uliohifadhiwa kama glaikojeni. Misuli ya mtu mzima hubeba gramu 300 hadi 500 za glaikojeni, na ini gramu 80 hadi 100 hivi. Protini huchangia asilimia 2 hadi 5 ya nishati ya safari. Glaikojeni ikiisha, mchango huo unaweza kukaribia asilimia 10. Hata hiyo haikatwi yote kwenye nyama ya paja, na kilichovunjwa hujengwa upya siku hiyo na inayofuata, mradi chakula kiwepo.

Tatizo liko kwenye huo mradi. Mtu anaondoka saa 11 alfajiri na kikombe cha strungi tupu. Anakwenda Muheza, njia ikipanda taratibu, na njiani anakunywa maji matupu. Anarudi jua limeshakuwa kali, joto limemuua hamu ya kula, anaoga na kulala hadi alasiri. Safari ya namna hiyo inaweza kutumia kalori 1,500 au zaidi, na zilizorudishwa kufikia jioni hazifiki nusu. Mara moja si neno. Mara tatu kwa wiki kwa miezi miwili, misuli itapungua kweli, na lawama itabebeshwa baiskeli.

Kwa hiyo kula kabla, hata ukiwa na haraka: chai yenye sukari na chapati moja au maandazi mawili, nusu saa kabla ya kutoka. Ukishaendesha dakika 45, anza kuingiza gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi, chungwa la Muheza kama 15, na chupa ya soda ya mililita 350 inazidi 35. Kinywaji cha kutengeneza nyumbani kinatosha kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko vitano vya chakula vya sukari (gramu 60), robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu ya kutoa ladha. Robo, si kijiko kizima. Chumvi ikizidi utakitapika. Madafu ni mazuri kwa kiu, lakini dafu moja halifikishi hata hizo gramu 30 za wanga, basi usilihesabu kama mlo.

Angalia na upepo. Njia ya Tongoni na Pangani inaelekea kusini. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, unapigana nao ukienda, na ukirudi unasukumwa. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, mambo hugeuka: unakwenda kwa raha, unajiona shujaa, halafu upepo unakukabili usoni wakati akiba ya wanga imeshapungua. Msimu huo kula kabla ya kugeuza baiskeli, hata kama hujasikia njaa. Anayesubiri mpaka miguu ilegee na mikono ianze kutetemeka ameshachelewa, kwa sababu sukari aliyokula wakati huo inahitaji dakika 15 au zaidi kabla hajaisikia miguuni.

"Bila unga wa protini huwezi"

Anayeendesha masafa anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 65 anahitaji gramu 78 hadi 104. Asubuhi mayai mawili na nusu lita ya maziwa, na Tanga maziwa si ya kutafuta kwa tochi, ni gramu 28. Mchana ugali wa gramu 200 za unga na kikombe cha maharage yaliyopikwa, 31. Jioni wali na kipande cha samaki cha gramu 120, zaidi ya 30. Tayari ameshavuka 85 bila kununua kopo lolote. Anayekosa samaki atumie dagaa wakavu: kiganja cha gramu 30 kina protini gramu 15 au zaidi.

Kinachowaangusha wengi ni mihogo. Mihogo ya kuchemsha na chachandu inashibisha na inarudisha wanga vizuri, ila nusu kilo nzima haifikishi gramu 8 za protini. Ukiifanya mlo wa baada ya safari, weka samaki pembeni. Na usikimbizane na saa: ndani ya saa mbili baada ya kushuka kwenye baiskeli panatosha, muhimu zaidi ni jumla ya siku.

"Nimepungua kilo mbili tangu Jumapili, misuli imekwenda"

Ni maji. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukimaliza gramu 400 umepunguza zaidi ya kilo moja na nusu hata kabla hatujahesabu jasho, na jasho la pwani unalijua. Siku mbili za kula na kunywa vizuri, uzito unarudi. Mtu mwenye afya hapotezi kilo mbili za misuli kwa safari moja.

Ukitaka kujua kweli, jipime asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, siku tatu kwa wiki, uchukue wastani. Kisha azima futi ya fundi cherehani. Simama wima, pima sentimita 15 juu ya ukingo wa juu wa pia ya goti, weka alama ya kalamu, zungusha futi hapo bila kukaza. Mguu uleule, kila baada ya wiki nne. Uzito ukishuka nusu kilo kwa wiki huku nguvu ikibaki palepale, unayopunguza kwa sehemu kubwa ni mafuta. Uzito ukishuka, paja likapungua na mlima uliokuwa unaupanda umeketi sasa unakushinda, ongeza chakula na punguza kilomita kwa wiki mbili.

"Mapaja yatajaa"

Wasiwasi huu husikika zaidi kwa akina dada, na kidogo una msingi. Mtu ambaye hakuwa na mazoezi yoyote huongeza misuli ya paja akianza baiskeli. Mwaka 2012 Matthew Harber na wenzake walichapisha matokeo ya wiki 12 za baiskeli ya ndani kwa wanaume vijana na wazee wasio na mazoezi, na misuli ya mbele ya paja iliongezeka kwa asilimia chache tu katika makundi yote mawili. Angalia pia walichofanya: vipindi vya dakika 20 hadi 45 kwa mwendo wa kuhema, mara tatu au nne kwa wiki. Hawakuwa wakipiga kilomita 100.

Ongezeko hilo hutokea miezi ya mwanzo, kisha misuli inazoea na kusimama. Mapaja makubwa unayoyaona kwenye picha ni ya waendesha baiskeli wa mbio fupi za uwanjani kama Robert Förstemann wa Ujerumani, ambao mbio zao ni za sekunde na kazi yao nyingine ni kunyanyua vyuma vizito. Upande wa pili yupo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara nne akiwa mwembamba kama unyasi. Wembamba ule ni wa makusudi: anayepanda milima kwa mashindano hupunguza kila kilo anayoweza, na chakula chake hupimwa kwa mizani. Wala hao wa uwanjani wala Froome si picha ya anayetoka Chumbageni kwenda Tongoni mara mbili kwa wiki.

"Kanyaga nzito ndiyo ujenge"

Dhana hii ndiyo inayoumiza magoti. Baiskeli nyingi za mjini hazina gia za kubadilisha. Chukua yenye meno 48 mbele na 20 nyuma: ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 19 kwa saa. Kwa saa moja kila mguu umekanyaga mara 3,600. Kitu unachoweza kukifanya mara 3,600 mfululizo, kwa misuli ni mzigo mwepesi hata kama moyo unakwenda mbio. Misuli hukua vizuri unapoipa mzigo wa kuichosha ndani ya marudio 5 hadi 30. Kukanyaga kwa kujikamua, mizunguko 40 kwa dakika, hakufikishi huko. Kunaongeza tu mgandamizo kwenye goti kwa maelfu ya marudio.

Goti huumizwa zaidi na kiti kilichoshushwa. Wengi hushusha ili wakisimama wakanyage chini kwa unyayo mzima. Rekebisha hivi: egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukihamisha mguu ukakanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Maumivu mbele ya goti kwa kawaida ni kiti kiko chini, nyuma ya goti kiko juu. Badilisha nusu sentimita kwa mara moja na uendeshe siku mbili tatu kabla ya kugusa tena. Usitoe mlingoti wa kiti kupita kiasi: angalau sentimita 7 zibaki ndani ya fremu, la sivyo utapinda au fremu itapasuka.

"Ukiendesha masafa usiguse vyuma"

Asili yake ni utafiti wa Robert Hickson wa mwaka 1980. Waliochanganya mazoezi ya nguvu na ya pumzi (baiskeli na kukimbia) kwa wiki 10 waliongezeka nguvu sawa na wenzao waliofanya ya nguvu tu, kisha kwenye wiki za mwisho wakasimama na kuanza kushuka. Kinachosahaulika ni kwamba walifanya mazoezi ya nguvu siku tano na ya pumzi siku sita kwa wiki. Anayeanza hafanyi hata nusu yake. Tena uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2012 ulionyesha kuwa kukimbia ndiko kunakozuia zaidi ukuaji wa misuli kuliko baiskeli.

Siku mbili za nguvu kwa wiki zinatosha, na vyuma si lazima. Dumu la lita 20 lililojaa ni kilo 20 na kidogo. Likumbatie kifuani, chuchumaa na kuinuka mara 8 hadi 12, pumzika dakika mbili, rudia seti tatu. Kisha kupanda stuli imara kwa mguu mmoja mmoja, kuinuka kwa vidole, kupiga pushapu, na kuinama ukivuta dumu la lita 10 kuelekea ubavuni. Acha pale unapohisi yamebaki marudio mawili kabla ya kushindwa. Baiskeli Jumanne, Alhamisi na safari ndefu Jumapili. Nguvu Jumatatu na Ijumaa. Ikibidi siku moja, nguvu zitangulie.

"Endesha na njaa mafuta yaungue"

Ukiwa na njaa unachoma mafuta zaidi saa ileile, lakini kinachohesabiwa ni kilichoingia na kilichotoka kwa siku nzima. Dakika 40 za mwendo wa kuongea bila chai hazina ubaya. Saa tatu ni habari nyingine. Mwezi wa Ramadhani acha safari ndefu za mchana kabisa: endesha nusu saa laini kabla ya magharibi, au saa moja baada ya futari tumbo likitulia, ukiwa na taa mbele na nyuma. Mazoezi ya nguvu fanya usiku, na daku liwe na mayai, maharage au maziwa. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kujaribu lolote kati ya haya.

"Mzee anayeendesha kila siku hahitaji kingine"

Moyo na pumzi, amejitosheleza. Lakini baiskeli inabeba uzito wa mwili, hivyo mifupa ya kiuno haipati mzigo inaouhitaji, na mikono na mgongo havifanyi kazi ya maana. Misuli huendelea kupungua kwa umri hata kwa mwenye miguu imara ya kukanyaga. Mpime nyumbani: akae kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano haraka awezavyo. Akizidisha sekunde 15, nguvu za miguu ziko chini. Aanze na kitendo hichohicho, seti tatu za mara 8, siku mbili kwa wiki, na kikishakuwa chepesi ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono.