Paa la gari linavuja? Weka hiyo silikoni chini kwanza tuongee

Wiki iliyopita tena. Mwalimu mmoja mstaafu anayekaa Mikindani kaingia gereji na gari yake yenye sanrufu, kile kidirisha cha kioo cha kufungua juu ya paa, namwamkia shikamoo mwalimu, anaitikia marahaba huku anafungua mlango wa abiria, "Fundi nimekuletea mgonjwa, ila ugonjwa wake naujua. Gari hizi zote zinavuja juu, mpira unakufa. We nipigie silikoni tu niwahi nyumbani." Nikaminya kapeti kwa kidole gumba, maji yakapanda mpaka juu ya kucha. Na harufu ile mnaijua, ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo siku tatu. Juu kuzunguka kioo kulikuwa na silikoni tabaka tatu, nyeusi, ya kijivu na ile ya kung'aa, yani kila fundi aliyepita kaacha sahihi yake.

Mi kazi yangu hapa Mtwara ni bodi, na zaidi ya yote mapaa, sanrufu, silingi, kutu za juu. Na hii "ndo ugonjwa wake" nimeisikia mpaka saivi mtu akianza tu kusema "fundi hizi gari" namalizia mwenyewe. Sasa naandika hapa ili mtu akija nimpe simu asome wakati mi natafuta spana.

Mpira wa sanrufu haujawekwa pale kuzuia maji yote. Kazi yake ni kupunguza maji, upepo na kelele, na maji kidogo yanapita hata gari ikiwa mpya imetoka kiwandani jana, na waliotengeneza wanalijua hilo, ndo maana chini ya kile kioo kuna mfereji umezunguka pande zote, kwenye kona za mfereji kuna matundu, kwa kawaida manne, na kila tundu lina mrija wake. Miwili ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele inaenda kutokea maeneo ya bawaba za mlango au nyuma ya ile plastiki ya tairi la mbele, ya nyuma inashuka kwenye nguzo za nyuma inatokea karibu na bampa au tairi la nyuma. Ni nyumba yenye gata. Gata ikiziba maji yanajaa yanamwagikia ukutani, afu we unahangaika kubadili bati.

Na huku kwetu lazima izibe. Gari inalala chini ya mkorosho au mwembe, maua yanadondoka, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ule unga unatua juu ya paa, ukipanda Newala unarudi na vumbi jekundu, na kiangazi chote hamna tone la kusukuma huo uchafu, unakauka mle kama udongo wa kukandika nyumba. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka ndo mnakuja wote asubuhi moja mnasema gari imeharibika jana usiku. Haijaharibika jana. Imeziba toka Julai, jana ndo umeambiwa.

Nikamweleza mwalimu hivyo hivyo, hakukubali. Akatoa simu kunionyesha wenye gari kama yake wanavyolia, na kweli ni watu kibao, kila mtu paa linavuja. Nikamuuliza, mwalimu, we gari yako ilipokuwa kavu miaka yote ile ulishawahi kumwandikia mtu kwamba leo paa langu halijavuja? Akacheka. Anayepiga kelele ni aliyelowa, mkavu anaendesha gari yake kimya, sasa ukihesabu kelele unapata idadi ya waliolowa tu, hujui wametoka kwenye gari mia au laki. Na wengine ni mtu mmoja kalalamika mara tano sehemu tano. Afu tukasoma pamoja taratibu. Mmoja kalowa miguuni kwa abiria. Mwingine buti limejaa maji. Mwingine taa ya ndani inadondosha matone, na mwingine ukisoma mpaka chini unakuta kabadilishiwa kioo cha mbele mwezi uliopita. Wote wameandika neno moja, inavuja, kumbe hayo ni magonjwa manne na dawa nne. Kulikuwa na wa Uingereza gari yake ina paa la kioo kizima, ya mwalimu ina kidirisha tu cha katikati, jina la gari ni moja lakini paa hazijuani.

Sisemi usisome. Mi mwenyewe nasoma, malalamiko ya watu yananionyesha pa kuchungulia kwanza, kwamba gari fulani mrija wa nyuma kulia una kona mbaya, au reli za juu boliti zake zinapitisha maji. Ni pa kuanzia, sio majibu. Kasoro ikiwa ya kiwanda kweli mara nyingi kiwanda chenyewe kinaitolea waraka mafundi wake au mpango wa kutengeneza, kama Toyota walivyofanya Marekani kwa rangi zao mbili nyeupe, namba 040 na 070, zilizokuwa zinabanduka kwenye baadhi ya gari, wakapiga rangi upya kwa gharama yao. Huo ndo ushahidi. Watu ishirini wenye hasira sio ushahidi, ni watu ishirini wenye hasira.

Sasa turudi kwenye silikoni maana hapa ndo nachoka kabisa. Maji hayakukulowesha kwa ubovu wa mpira, yamefurika mferejini, hivyo ukiziba mpira vumbi na tope viko pale pale. Mbaya zaidi fundi akimimina ovyo ile silikoni inaingia mferejini inaziba hata lile tundu lililokuwa zima. Kioo kinagandishwa, siku mtoto akibonyeza swichi mota inavuta kitu kilichogundishwa mpaka inakufa au reli ya ndani inapinda, na mota pamoja na reli sio bei ya silikoni. Ile inayonuka kama siki ndo usiisogeze kwenye bati kabisa, ule ni uasidi, unakula chuma, huku pwani ambako chuma tayari kina maadui wa kutosha. Na fundi rangi atakayekuja baada yako atakulaani, rangi haishiki palipopita silikoni, inatoa vitobo kama macho ya samaki.

Kupima ni kazi ya dakika tano na hulipi mtu. Fungua sanrufu, paki sehemu iliyonyooka, chukua kikombe cha maji, mimina taratibu, narudia taratibu, kwenye kona moja ya mfereji. Mwenzio awe chini anaangalia. Maji yakitoka kwa mkondo chini ya gari kona hiyo ni nzima, nenda ya pili. Yakisimama, au yakitoka kwa kudondoka tone tone, umeshapata mgonjwa wako. Kona nne, kikombe kimoja kimoja, basi.

Kuzibua situmii waya. Waya unatoboa mrija, afu hapo sasa maji yanamwagikia ndani ya nguzo na hutayaona mpaka koneksheni ziote ukijani. Upepo wa kompresa nao vijana wanaupenda sana, fyuuu moja mrija unachomoka kwenye shingo yake juu ya silingi, unasikia upepo umepita unashangilia, kumbe umepita kwa sababu mrija haupo tena. Mi natumia mshipi, ule wa nailoni mnene wa kuvulia samaki wakubwa, nenda feri pale kaulize utapata. Unaunguza ncha kidogo kwa kiberiti iwe kitone cha mviringo isikwaruze, unausukuma kutoka juu huku unauzungusha, ukigoma usilazimishe, rudisha, mimina maji ya uvuguvugu, subiri, sukuma tena. Chini kabisa mirija mingi ina mdomo wa mpira unaojibana, huo nao unakamata tope, uminye kwa vidole. Na kama itabidi kufungua plastiki ya nguzo, gari nyingi zina eabegi ya pazia, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, imelala humo pembeni mwa paa, chomoa betri kwanza na usubiri, usiende kuvuta vuta na bisibisi.

Gari ya mwalimu kona tatu zilikuwa safi. Ya mbele kushoto, upande wa abiria, kikombe kilisimama kama kimewekwa kwenye bakuli. Mshipi ulipenya kwenye mara ya nne, na chini kikatoka kipande cha urefu wa kidole, majani ya muarobaini yaliyosagika, tope jekundu, na ndani yake, nisiongope, kijipande cha silikoni ya kijivu. Mwalimu akakishika akakigeuza geuza, akakifunga kwenye karatasi akaondoka nacho. Kapeti tuliling'oa lote, maana sponji ya chini inashika maji wiki na wiki hata juu pakikauka, na nyaya ziko huko huko chini, hapo ndo taa za dashibodi zinapoanza kuwaka zenyewe watu wakasema mapepo.

Haya, mengine kwa haraka.

Maji miguuni kwa abiria siku ya jua kali, anga jeupe, afu unaniambia paa. Paa linavuja maji ya wapi? Hiyo ni AC, bomba lake la kutolea maji limeziba. Ukiwasha AC gari ikae inaunguruma, chini ya gari panatakiwa padondoke maji, pakiwa pakavu na ndani panalowa usipande hata juu ya paa.

Silingi kushuka kama chandarua kilichokatika kamba watu wanasema ni unyevu, mara nyingi hapana. Kitambaa kimegundishwa kwenye sponji nyembamba, joto la gari lililofungwa juani linaisaga ile sponji inakuwa unga. Ndo maana kupaka gundi juu yake haisaidii, unagundisha kitambaa kwenye unga. Toa silingi nzima, sugua ubao uwe mtupu, weka kitambaa kipya na gundi inayostahimili joto. Pini za kushikia vitambaa, zile za kichwa cha rangi, mimi sizioni, msiniambie.

Klia ya paa, lile tabaka la kung'aa linalopigwa juu ya rangi, kutoka magamba haimaanishi mara zote fundi rangi alikuibia. Paa na boneti vimelala vinaangalia jua saa zote, milango imesimama, hivyo juu panaanza kufa kwanza. Ila pakishaanza kubanduka poda ya kung'arisha haitakusaidia, inang'arisha kilichopo, na hapo hakipo. Ni kupiga msasa, praima, rangi, klia.

Kuhusu chumvi mnaniambia hewa ya bahari ndo inakula paa na hamna la kufanya. Chumvi ipo kweli, ukikaa Shangani hapa Mtwara unaiona kwenye madirisha asubuhi, lakini paa halioti kutu katikati palipo na rangi nzima, linaota chini ya ile mikanda myeusi ya pembeni, kwenye shina la antena na kwenye boliti za reli, sehemu ambazo uchafu unakaa na unyevu, na chumvi inavuta unyevu hautoki. Maji baridi mengi kwenye hizo sehemu kila wiki, hiyo ndo dawa. Na yule niliyemuona anaosha gari na ndoo ya maji ya bahari kwa sababu bomba lilikuwa mbali, kaka, nakuombea.

La mwisho keria. Kitabu cha gari kinaandika uzito wa juu ya paa, na gari nyingi ndogo ni kati ya kilo 50 na 100, uzito wa keria yenyewe ukiwemo, gunia moja la korosho lililojaa linaweza kukumalizia hesabu. Lakini hata hilo silisumbukii kama kutoboa. Mnatoboa paa zima la kiwandani mnafunga keria ya kuchomelea kwa boliti, mnazungushia silikoni, mnaniletea mwaka unaofuata mkisema hizi gari zinavuja. Jana nimefungua moja, boliti nne. Tatu zilikuwa na silikoni mpaka shingoni na bati chini yake limekuwa biskuti. Ya nne fundi labda aliishiwa, aliweka washa ya mpira tu akakaza, na ndo peke yake iliyokuwa kavu.