Msongamano mdogo wa mifupa: kwa nini unawapata hata watu wa mazoezi

Jirani yangu ana miaka 53. Kila Jumamosi alfajiri yuko juu ya baiskeli, Mbezi Beach mpaka Bagamoyo na kurudi. Mwaka jana aliteleza kwenye mchanga pale Tegeta, akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Akatumwa kupima mifupa, majibu yakasoma -1.9. "Mimi? Na mazoezi yote haya?"

Msongamano wa mifupa ni kiasi cha madini, hasa kalsiamu na fosforasi, yaliyoshindiliwa ndani ya mfupa. Hupimwa kwa eksirei hafifu, nyongani na kwenye pingili za kiuno, kisha hulinganishwa na mfupa wa kijana mwenye afya. Tofauti hiyo huandikwa kama alama: -1 kwenda juu ni sawa. Kati ya -1 na -2.5 msongamano ni mdogo. Kuanzia -2.5 kushuka ni osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika na huvunjika kirahisi. (Vijana hulinganishwa na rika lao, kwa hiyo usijisomee karatasi ya mjomba.)

Mfupa ni kitu hai: hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na hujengwa zaidi unapotikiswa na kubebeshwa mzigo. Sasa, baiskeli inakubeba wewe. Maji nayo humbeba muogeleaji. Moyo na mapafu vinafaidi, nyonga haina habari. Wakimbiaji wana nafuu, ila anayekimbia sana na kula kidogo anajimaliza. Mwanamke hedhi ikikatika kwa sababu hiyo, estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, imeshuka na mifupa inalika. Wapo wanaoona ni dalili ya kuwa fiti, wamuone daktari.

Baada ya miaka 30 hivi akiba haiongezeki sana, kazi kubwa ni kuilinda. Nyanyua vyuma mara mbili au tatu kwa wiki, panda ngazi, ruka kamba. Aliyekwisha kuvunjika aulize kwanza kabla ya kuruka. Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku, mwanamke aliyevuka 50 anahitaji 1,200. Maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa na miiba yao. Mchicha unayo, lakini oksaleti, kemikali ya asili iliyomo ndani yake, huishikilia, mwili ukaambulia kidogo. Vitamini D hutokana na jua, na Dar jua si haba, ila anayeingia ofisini asubuhi na kutoka magharibi halioni.

Jirani hajaacha baiskeli. Jioni anaruka kamba uani, wajukuu wakimhesabia; juzi alinaswa kwenye 37. Kipimo kingine ni mwakani.